Mwanahamisi Wawili wa Moa

Ijumaa, katikati ya Mei. Mvua ya masika imeanza kabla ya alfajiri na mpaka sasa haijakata. Uani kwetu hapa Ngamiani maji yamefika kwenye kizingiti cha jiko. Ilikuwa mvua kama hii hii, mwanangu, siku posa yangu ilipotaka kuvunjika kwa sababu ya marehemu wawili wenye jina moja. Nilikuwa sijaifikiria siku nyingi. Mjukuu wangu Rehema ndiye aliyenikumbusha leo, nami nimeona niandike, ingawa shule niliiacha mapema na mkono wangu mzito. Nitakapojikwaa unisamehe.

Rehema katoka Moa juzi, alikokwenda kuuliza habari za ukoo wetu. Anauchora ukoo kwenye simu, kila mtu na kisanduku chake. Asubuhi kanijia anacheka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, huyu Mwanahamisi binti Ali, bibi yako mzaa mama, kafa mara mbili! Mzee huyu ananionyesha kaburi karibu na msikiti, yule ananipeleka kwenye jingine kule mashambani. Nikaona wazee wamechanganya, nikamtia kwenye kisanduku kimoja."

"Kifungue haraka hicho kisanduku," nikamwambia, "maana umeniozesha kwa mjomba wangu."

Hakuelewa. Nikamkalisha kwenye mkeka, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe.

Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake au bibi yake. Huko Moa alikuwapo mzee aitwaye Ali, na mkewe Mwanahamisi. Wana wao wawili, kila mmoja akamwita mwanawe Ali. Hao Ali wawili nao wakakua, kila mmoja akapata binti, na kila mmoja akamwita Mwanahamisi, kumkumbuka bibi yao. Basi wakawapo Mwanahamisi binti Ali wawili, kijiji kimoja. Silaumu mtu. Yalikuwa mapenzi tu.

Mmoja wao ndiye bibi yangu, mama yake mama. Mimi sikumkuta, na mama alifariki nikiwa mdogo. Nililelewa hapa Tanga na shangazi yangu, Bi Mwanaisha, dada wa baba.

Seifu alipoleta posa kutoka Muheza, baba akaridhia, nami nikaridhia, tena sana. Siku ya kuja kupanga harusi, mvua inapiga bati, ami yake Seifu, Mzee Mbaruku, akasikia jina la bibi yangu likitajwa. Akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Ngojeni," akasema. "Huyu kijana kazaliwa Moa. Mama yake alishikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka. Aliyemnyonyesha mpaka akaacha ziwa ni Mwanahamisi binti Ali."

Sheria yetu unaijua: anayekunyonyesha ni mama yako, na watoto wake ni ndugu zako. Ikiwa Seifu alinyonya kwa bibi yangu, basi ni kaka wa mama yangu, na hakuna ndoa kati ya mtu na mjomba wake.

Watu walimsema sana Mzee Mbaruku, eti mtia fitina. Mimi nasema hapana. Alilisema alilolijua, na angelinyamazia, lingekuja kutuzukia tukiwa tuna watoto.

Lakini siku ile sikuwa na busara hiyo. Nilikuwa nasikiliza nyuma ya pazia, nikatoka nikilia. "Si wako wawili? Semeni ni yule mwingine! Wote wamekufa, nani atajua?"

Shangazi alinigeukia. Hakupandisha sauti. "Bibi hachaguliwi kama kanga dukani, ukakataa hii ukachukua ile kwa sababu imekupendeza. Ikiwa ni wako, ni wako, na utamrudisha huyo mwanamume kwao. Nenda ndani."

Nilikwenda. Nikamsikia akimwambia Mzee Mbaruku, "Shemeji, tukimtafuta Mwanahamisi tutazunguka mpaka kiama. Tumtafute mtoto. Mwanamke hatoi maziwa bila mtoto. Seifu alipozaliwa, ni Mwanahamisi yupi aliyekuwa na mtoto mchanga kifuani?"

Wakaenda Moa wao wawili, upande wake na upande wetu, ili asitokee wa kusema wameficha. Waliwauliza bibi vizee mmoja mmoja, kila mmoja nyumbani kwake, asisikie jibu la mwenzake. Nami huku nilikuwa sili, mwanangu. Sijui kama niliomba dua au nilimgombeza Mungu. Sikumbuki vizuri, nisije nikajisifu.

Waliporudi, Shangazi hakunikumbatia. Alinieleza kwanza, kama mtu anayetoa ushahidi. Kitinda mimba wa bibi yangu alikuwa mama yangu. Na Seifu alipozaliwa, mama alikuwa msichana wa kwenda kisimani, anajitwika ndoo mwenyewe. Bibi yangu hakuwa na maziwa tena. Yule Mwanahamisi mwingine ndiye aliyekuwa na kitoto, na hicho kitoto kipo, mtu mzima, jina lake Omari. Bibi vizee wote walisema maneno yale yale: watoto wawili, huyu ziwa la kulia, huyu la kushoto. Sheikh akasikiliza pande zote mbili, akasema nikahi isomwe. Hapo ndipo Shangazi aliponikumbatia.

Omari alikuja harusini. Alipomwona Seifu akamshika masikio mbele ya watu. "Wewe ndiye uliyenilia chakula changu! Leo nakuja kulipiza kwenye pilau yako."

Basi mwanangu, sikiliza. Unapotafuta wazee wako, jina lisikutoshe. Uliza alimzaa nani, aliishi na nani, nani alimwosha alipokufa. Uliza wengi, tena mmoja mmoja. Na ukipata jibu linalokufurahisha, hilo ndilo la kuuliza tena. Ukiwatia wawili kwenye kisanduku kimoja, mmoja umemnyima dua yake. Yule mwingine, aliyezikwa kule mashambani, alitoa maziwa ya mwanawe kwa mtoto wa watu. Kama si yeye, mimi nisingekuwa na mume, na Rehema asingekuwapo wa kuchora. Kila Ijumaa namwombea, baada ya bibi yangu, kwa jina lake na la mwanawe.

Mungu awarehemu wote wawili, kila mmoja kaburini kwake. Nawe akupe wazee wa kukukanya na watoto wa kukukumbuka.

Jioni tumekula bada, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa papa wa nazi. Papa mwenyewe kaja na Rehema, kafungwa kwenye ukindu, zawadi ya Omari kwa nduguye wa ziwa, Seifu. Rehema alipakua, na leo hakungoja kuambiwa.

"Mjomba apewe kwanza," akasema, akimsogezea babu yake sahani.

Seifu akacheka mpaka akapaliwa.