Msomaji Bora wa Darasa la Sita

Shuleni wanafunzi walimwita mwalimu wao wa Kiingereza Tamka, naye alijua. Jina hilo alilipata kihalali, maana hakikupita kipindi cha Kiingereza bila yeye kusema, "Tamka vizuri." Mtoto akimeza herufi, anarudia. Akiburuza neno, anarudia. Yeye mwenyewe lugha hiyo aliipata kwa machozi, kwa mwalimu aliyekuwa akimcheka mbele ya wenzake, akaapa kwamba watoto watakaopita mikononi mwake hawatachekwa na mtu. Na kweli hawakuchekwa. Darasa lake la sita likianza kusoma kwa pamoja, madirisha yakiwa wazi, wapita njia walipunguza mwendo wasikilize.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana waliyemwita Redio. Alikuwa mwembamba, mkimya, hana makuu, akiishi na bibi yake mzaa mama katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala. Lakini mpe kitabu cha Kiingereza uone. Sauti ilimtoka kama maji ya bomba, penye mkato anapumua, penye nukta anatua. Wageni wakija shuleni, ndiye aliyesimamishwa. Mume wa Tamka, fundi cherehani, alikwisha kuchoka kusikia sifa zake wakati wa kula.

"Huyo mtoto tumuwekee sahani yake," alisema, "maana kila tukikaa hapa yupo."

Kisha siku moja Redio hakuja shuleni. Kesho yake pia hakuonekana. Tamka alidhani ni mafua. Vipindi vilipokwisha akapitia kwao, akakuta mlango una kufuli. Seremala alizima mashine, akajifuta vumbi la mbao usoni.

"Bibi amelazwa, mwalimu. Inasemekana amekunywa dawa ya kuchua."

"Amekunywa?"

"Ndivyo walivyosema. Mimi nilimsikia tu akikohoa, nikaita gari."

Tamka alikwenda hospitali moja kwa moja, mkoba wa madaftari ungali begani. Redio alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, amevaa sare ya shule, miguu ameikunja chini ya benchi. Alisimama kumwamkia mwalimu wake, kisha akakaa tena bila kumtazama.

Muuguzi aliyetoka wodini alidhani Tamka ni ndugu. Akamweleza kwamba mgonjwa atapona, ila koo na tumbo vimeungua, na kwa siku kadhaa atalishwa uji mwepesi tu. Bibi alikuwa na maumivu ya goti. Jirani mmoja alimpa chupa ya dawa aliyoletewa kutoka nje, na badala ya kujichua nayo gotini, bibi amekuwa akiinywa kwa kijiko, asubuhi na jioni.

"Na chupa yenyewe imeandikwa wazi," muuguzi alisema, akaitoa mfukoni. "Sijui ni nani aliyemsomea."

"Mimi," Redio alisema.

Tamka aliichukua ile chupa. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza matupu, mafupi, ya mtoto wa darasa la sita kabisa: "Rub on twice daily. Harmful if swallowed." Yaani ujichue nayo mara mbili kwa siku, na ukiimeza itakudhuru. Akampa Redio.

"Nisomee, mwanangu."

Redio alisoma. Hakukwama popote. Ile herufi ya mwisho ya "swallowed," ambayo hata walimu wenzake Tamka huila, aliitua mahali pake. Muuguzi aligeuka kumtazama vizuri.

"Mtoto anasoma huyu," alisema.

"Sasa niambie maana yake," Tamka alisema.

Redio aliweka kidole kwenye maandishi. "Kila siku mara mbili," alisema. "Na hili la mwisho ni kumeza."

"Na hili la katikati? 'Harmful'?"

"Hilo sikulijua, mwalimu. Lakini lina '-ful' mwishoni. Lile shairi tulilokariri, 'helpful, beautiful, wonderful,' yote ni mazuri. Nikajua ni dawa nzuri ukimeza."

Tamka alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Lile shairi alilitunga yeye. Aliwaimbisha muhula mzima, akawapigia makofi, na hakumweleza hata mtoto mmoja maneno yale yanabeba nini. Alikaa kwenye benchi karibu na Redio, akabaki ameishika ile chupa.

Walipoingia wodini, bibi aliwatazama kwa macho ya uchovu. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayokwaruzwa.

"Mwalimu, usije ukamchapa mjukuu wangu," alisema. "Alinisomea vizuri sana. Hata mimi nisiyejua niliona raha. Goti limenyamaza kwa woga, sasa koo ndilo limepokea zamu."

Alijaribu kucheka, akashindwa. Tamka naye hakucheka. Angetukanwa na yule bibi, pengine angepata nafuu.

Usiku ule mumewe alimwambia kwamba ni bahati mbaya, mtoto mmoja kakosea, asijibebeshe dunia kichwani. Tamka alilishika neno hilo, mtoto mmoja, kama mtu anayeshika kamba. Asubuhi akaingia darasani, hakusalimia, akaandika ubaoni kwa Kiingereza: "Put your pens under your chairs." Wekeni kalamu zenu chini ya viti. Hakuna neno hapo ambalo hawakuwahi kulisoma. Akajitenga pembeni.

Darasa zima lilisoma kwa sauti moja, safi, kama kwaya. Kisha wakamtazama.

Hakuna aliyegusa kalamu.

Tamka alingoja. Watoto walitazamana, na kwa kuwa walimzoea, wakadhani wametamka vibaya. Wakairudia, kwa sauti kubwa zaidi, wakiikaza kila herufi. Nje, mfagiaji wa shule alisimama na ufagio wake kusikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Miaka yote hiyo alikuwa akifundisha kasuku, tena kasuku hodari.

Tangu siku hiyo kelele zikaisha. Alileta pakiti za sabuni, makasha ya viberiti, maboksi ya dawa yaliyokwisha, akawapa kila kundi lisome kimya, lifanye kilichoandikwa au liseme kwa lugha ya nyumbani. Ilikwenda kwa kusuasua. Sentensi moja ilikula kipindi. Mkuu wa shule alimwita ofisini.

"Wazazi wanauliza darasa lako limepatwa na nini. Watoto walikuwa wanasoma, sasa wananong'ona."

"Walikuwa hawasomi, mkuu."

"Mimi nilikuwa nawasikia."

"Hata mimi," Tamka alisema.

Bibi aliruhusiwa kurudi nyumbani, sauti yake ikabaki na mkwaruzo. Redio alirudi shuleni lakini hakufungua kinywa kwenye kipindi cha Kiingereza. Tamka hakumlazimisha. Wiki zilipita hivyo, mpaka siku walipokuwa wakisoma maelezo ya kivuko cha reli, mkono wake ukainuka. Alianza kusoma polepole, na katikati ya sentensi akasimama. Wenzake waligeuka kumtazama mwalimu, wakisubiri lile neno walilolizoea.

"Mwalimu," Redio alisema, "hapa pameandikwa 'unless.' Najua kulitamka. Lakini lenyewe linafanya kazi gani?"

Tamka aliweka chaki chini. Alijaribu kukumbuka ni lini mtoto yeyote aliwahi kumuuliza swali kama hilo, akakosa. Kisha akalifikiria lile neno dogo, akaona kwamba hakuwahi kumweleza mtu, wala kuelezwa. Alivuta kiti, akakaa kati ya madawati yao.

"Ngojeni kidogo," alisema, "tulitafute pamoja."