Maji ya Lili

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa wasiwasi hana mpinzani. Alipomwokota paka tuliyempa jina la Mheshimiwa, kwa kuwa alikula kwanza ndipo akatutazama, aliuliza kila mfugaji anayemjua ni mimea gani inadhuru paka. Mshubiri ukahamia juu ya kabati. Ua la majani yenye mabaka akampa jirani asiyefuga hata kuku. Mimea iliyobaki akaining'iniza dirishani, juu sana, mpaka ikawa kuimwagilia ni lazima apande kiti. Nikamtania kwamba bado kumvisha paka kofia ya pikipiki. Hakucheka.

Siku moja asubuhi bi harusi mmoja akaleta lili nyeupe kwenye jagi la maji, ili utepe wa gauni lake ulingane nazo. Shangazi akalinganisha chapuchapu, akamrudishia maua yake na kufagia hata unga wa maua uliodondoka mezani. Jagi likabaki. Sasa, fundi hamwagi maji safi. Karibu na pasi hukaa beseni dogo la kuchovya vidole na kunyunyizia kitambaa, na mkono wa shangazi ukayamimina maji yale humo bila hata kumshauri mwenyewe. Mheshimiwa alikuwa na bakuli lake, limejaa, lakini akaona ya beseni ndiyo matamu.

Mchana akaanza kutapika. Tukamlaza kikapuni, tukamfunika kwa mabaki ya vitambaa, tukakimbia naye kwa daktari wa mifugo.

"Amekula nini?" daktari akauliza.

"Hajala kitu. Lili zilikuja, nikaziondoa palepale."

"Na maji ya lili hizo?"

Shangazi akalikumbuka beseni. Halafu akakaa chini, pale pale sakafuni, mwanamke wa heshima zake.

"Mama, sumu hiyo inakwenda kwenye figo," daktari akasema, akitafuta mshipa kwenye mguu wa paka. "Namtundikia dripu. Huenda tumemuwahi. Ila akojoe. Asipokojoa, sitakudanganya."

Tukasubiri. Shangazi alimpakata Mheshimiwa, mrija ukining'inia juu yao, huku akimsemesha: kunywa yote, baba, mimi ndiye mjinga, wewe huna kosa. Kila daktari alipopita, aliinua uso. Daktari alitikisa kichwa na kuendelea na mbuzi wa watu. Mimi si mtu wa paka, lakini roho yangu ilikuwa juujuu, na nilianza kuwaza tutarudije nyumbani na kile kikapu kitupu.

"Shangazi, nipe mimi upumzike kidogo."

"Niache."

Jua lilikuwa limeshahama dirisha la kliniki shangazi aliposhtuka. Akatazama chini. Gauni lake la kitani, alilojishonea mwenyewe na ambalo hakuna mtoto aliyewahi kuruhusiwa kuligusa kwa mikono michafu, lilikuwa linalowa taratibu mapajani, na harufu yake haikuhitaji maelezo.

"Usinisogeze," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mwite daktari aje aone."

Daktari akaja, akainama, akagusa kitambaa. Akasema bado hatujavuka, damu itapimwa tena kesho. Shangazi hakusikia. Alikuwa ameshika kitambaa kile kilicholowa kwa mikono miwili, analia.