Mistari Tisa ya Kisima

Kalunde Ndolo alikuwa mtu wa kukataa. Ndiyo kazi aliyolipwa. Pale Kitengela, juu ya duka la vyakula vya mifugo, kampuni ya watu sita ilitengeneza bodi za kuendesha pampu za visima, na hakuna programu iliyoingia ndani ya bodi kabla Kalunde hajaisoma mstari kwa mstari na kusema "sawa." Wenzake walimwita Mama Hapana. Alikataa kazi za watu hadi wengine wakaacha kumpitishia chai. Miaka saba ya kukataa, na siku aliyokubali ndiyo iliyomponza.

Hitilafu yenyewe ingechekesha, kama isingeliza. Bodi ikikwama, inatakiwa ijiwashe upya. Lakini mafundi, kwa kupenda mno kujua, waliweka ndani kipande cha programu cha uchunguzi: kabla ya kujiwasha, bodi ieleze imekwama wapi, itume maneno kwa kebo hadi kwenye kompyuta, ingoje kompyuta ijibu kwamba imepokea. Ofisini kompyuta ipo, inajibu. Kisimani kuna nani? Kuna vumbi na ng'ombe. Bodi inasema, hakuna wa kuijibu, nayo inangoja tu, pampu kimya. Na usidhani ungeweza kuizima na kuiwasha bila kompyuta: betri yake ilichomelewa ndani ya sanduku la chuma, wezi wasiiguse. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tajeu alikuwa amewaambia. Huyu ni mfugaji aliyetunza kisima kimoja ndani kule Kajiado, mbali na barabara ya Namanga, na ukame ulikuwa umemwachia hicho peke yake. Akipiga simu hakuanza na shida. "Takwenya!" alisalimu kwa Kimaasai, akangoja Kalunde aitike "Iko!", akauliza watoto, akauliza mvua ya Kitengela, ndipo akasema.

"Hii mashine inawapenda nyinyi," alisema siku moja. "Mkikuja na ile kompyuta yenu, inafanya. Mkifunga mlango ya gari, inakufa. Nimeona hiyo mara tatu."

Ofisi nzima ilicheka. Fundi mmoja, Kiema, akaandika kwenye orodha ya malalamiko: mteja haelewi mashine. Jamani! Mzee ametaja ugonjwa kwa jina, bila kusoma mstari hata mmoja, na wasomi sita wanashika mbavu. Iliwachukua wiki mbili kufika alipokuwa yeye.

Hatimaye Kiema akaleta tiba, mistari tisa. Bodi isingoje milele. Ingoje nusu sekunde, ikikosa jibu ijiwashe. Ilikuwa Ijumaa. Wainaina, mwenye kampuni, alisimama mlangoni na funguo za gari, maana Tajeu alikuwa amepiga asubuhi: ng'ombe wameanza kulala chini, hawainuki.

Kalunde akasoma. Mistari ilikuwa safi. Akaikwamisha bodi ya mezani makusudi, ikaeleza, ikajiwasha. Akarudia. Mkono ukaenda kwenye kebo, aichomoe, ajaribu bodi ikiwa peke yake kama ilivyo kisimani. Lakini ukichomoa kebo skrini inabaki tupu, na pale ofisini hakuna aliyewahi kujaribu kitu bila kusoma maneno yake kwenye skrini. Ndivyo walivyofundishana. Ingebidi akae atazame taa ndogo ya bodi, kwa macho tu.

"Kalunde, watu wanangoja," Wainaina akasema.

"Sawa," akasema Kalunde.

Jumapili, akitoka kanisani, simu ikalia.

"Takwenya."

"Iko."

Safari hii Tajeu hakuuliza watoto. "Imekufa tena. Tangu ile siku gari yenu iliondoka. Nimetembea mpaka hapa kutafuta network."

Kalunde akaingia ofisini na nguo za kanisa, akachomoa kebo, akaikwamisha bodi, akatazama taa. Dakika moja. Kumi. Taa haikurudi. Akaisoma tena ile mistari tisa, na sasa akaliona kosa. Nusu sekunde ile ilipimwa na saa ya ndani ya bodi, na bodi ikikwama, saa hiyo nayo inasimama. Ni kumwambia mtu angoje hadi saa sita, halafu ukampa saa iliyokufa. Kosa la Kiema, ndiyo, lakini Kiema hakuajiriwa kukataa. Kalunde alilia kwa hasira, kisha akafuta macho akaandika upya: bodi isitazame saa, ijihesabie yenyewe moja, mbili, tatu, ikifika mwisho ijiwashe. Akaijaribu bila kebo mara hamsini. Mara zote hamsini taa ilirudi.

Jumatatu asubuhi yeye na Wainaina walifika kisimani. Harufu ya mizoga iliwapokea kabla hawajashuka garini. Ng'ombe walikuwa wamelala kuzunguka birika la kunyweshea, vichwa vimeelekea birikani. Tajeu aliinuka kutoka kwenye jiwe, akawasalimu.

Kwa Wamaasai ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo, na hata siku hiyo Tajeu hakuhesabu. Alitaja rangi. "Ile nyeusi ya tumbo nyeupe. Ile ya mabaka. Ile nyekundu nilipewa na baba yangu. Ile ya kijivu, na ndama yake." Alitaja, akataja, hadi Wainaina akageuka akatazama gari. Wachache wenye nguvu walikuwa wameondoka na Samuel, mdogo wake, kutafuta maji kwingine, na hakukuwa na habari kama wamefika.

Kalunde akaweka programu mpya. Akaikwamisha bodi, kebo ikiwa mkononi mwake, akangoja. Taa ikazima, ikawaka. Pampu ikanguruma, maji yakaja, mengi na safi.

"Mzee," akasema, "ile ya Ijumaa, ni mimi nilisema iko sawa. Sikuijaribu vile wewe ulituambia. Ni mimi."

Tajeu hakumtukana, matusi yangekuwa nafuu. Birika likajaa, maji yakaanza kumwagika ukingoni, yakapita kati ya kwato na pembe, yakazama mchangani.

"Zima hiyo, mama," akasema. "Maji inaharibika."