Niliitwa jeuri nyumbani na shuleni, kumbe sikio moja lilikuwa halisikii

Wakuu, habari za huko mliko.

Kuna mdau humu aliuliza frustration za maisha zinatokana na nini. Watu wakajibu mapenzi, ajira, mabosi. Nilianza kuandika comment ikawa ndefu, nikaona bora nifungue uzi kabisa. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Mimi ni binti wa Goweko, Tabora huku. Kwetu ni wakulima wa tumbaku, familia ya Kimoraviani, watoto tumejaa nyumba. Jina langu la nyumbani ni Kabula. Nalitaja bila wasiwasi maana akina Kabula huku kwetu hawahesabiki.

Tangu utotoni sifa yangu ilikuwa moja tu: jeuri.

Baba ananiita, kimya. Anaita tena, kimya. Mtoto wa kike akiitwa anatakiwa aitike "abee" hapo hapo. Mimi nilikuwa nashtukia tu mtu mzima kanisimamia kichwani na fimbo, kakasirika, na sijui nimekosa nini.

Mama alikuwa ananitetea, lakini na yeye ikafika mahali akachoka. "Kabula, kiburi hiki umekitoa kwa nani?"

Shuleni hivyo hivyo (shule sitaitaja, ni ya kata tu). Kwenye imla kuna siku napata zote, kuna siku naandika vitu vya ajabu mpaka darasa linacheka. Walimu wakahitimisha kwamba akili ninazo ila sitaki.

Sasa hapo ndipo frustration inapozaliwa, wakuu. Unajitahidi, unakosa, unaambiwa umefanya makusudi.

Kufika form two nikawa mkorofi kweli. Wasichana wakinong'ona nyuma yangu najua wananisema. Ukiwa husikii vizuri, kila kicheko unadhani ni chako. Nilipigana na msichana mmoja mpaka tukaitiwa wazazi.

Baba aliporudi nyumbani siku hiyo akasema, "Huyu akimaliza muhula huu basi. Abaki hapa tuchambue tumbaku."

Na mimi nilifurahi. Mnaelewa? Nilifurahi kuachishwa shule.

Muhula huo huo akaletwa mwalimu mpya wa Kiswahili, Madam Regina. Binti mdogo tu, ametoka Tanga, ndiyo ajira yake ya kwanza. Wiki ya kwanza bibi mmoja alimsalimia "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, na yeye akajibu "marahaba". Kijiji kizima kilicheka.

Madam hakutaka tusome tamthilia kwa kukariri. Alituambia tutunge ya kwetu na tuicheze. Tukatunga ya posa iliyovunjika. Mimi nikapewa kuwa mama wa binti anayeposwa.

Maneno nilikuwa nayo yote kichwani. Ila kwenye mazoezi kila shangazi wa bwana harusi akimaliza kusema, mimi kimya. Wenzangu wakaanza kuguna. Mmoja akasema, "Madam, mtoe huyo, anaringa."

Niliondoka. Nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikalia kwa hasira.

Madam akanifuata, akakaa chini na sketi yake safi. Hakunigombeza. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea:

"Kabula, ukipokea simu unaweka sikio gani?"

"La kulia."

"La kushoto je?"

"La kushoto si la simu."

Akanitazama. "Kwa hiyo ni la nini?"

Wakuu, msinicheke. Mimi nilikuwa naamini kila mtu ana sikio lake moja la kusikilizia, kama ilivyo mkono wa kuandikia. Sikuwahi kumuuliza mtu. Utamuulizaje mtu jambo unaloona la kawaida?

Madam akasema, "Nimeona shangazi akisimama kulia kwako unajibu vizuri. Akihamia kushoto unapotea." Akaniziba sikio la kulia na kanga aliyoikunja, akasogea kushoto. Niliona midomo inacheza. Sauti hakuna.

Jumamosi akaja nyumbani. Tulimkuta baba kwenye banda anachambua majani ya tumbaku, mama yuko pembeni anafunga mafungu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Kama umekuja kumwombea huyu, unajisumbua. Mtoto ana dharau. Mimi baba yake namwita kama naita jiwe."

Madam hakubishana. Akanigeuza uso niangalie ukuta, akaniziba lile sikio la kulia, akamwambia, "Baba, mwite sasa, kama unavyomwita siku zote."

Nikasimama pale. Naangalia ukuta wa udongo, nasikia harufu ya tumbaku, basi. Nikawa nasubiri. Nikajua bado hajaita.

Nikageuka.

Baba alikuwa amesimama, mdomo bado uko wazi. Mama kashika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe alikuwa ameniita na kurudia na kurudia.

Mama ndiye aliyeanza: "Lile sikio lililokuwa linatoa usaha akiwa mdogo. Sisi tukajua limepona."

Baba akatoka nje ya banda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaja mpaka upande wangu wa kulia, akasema taratibu, "Mwanangu, nilikuwa sijui." Hapo nililia mpaka kwikwi.

Wiki iliyofuata tulipanda treni mimi na baba kwenda Tabora mjini hospitali. Daktari akasema sikio lile limeshaharibika, tulinde lililobaki. Shuleni nikahamishiwa mbele, mwisho kabisa wa upande wa kushoto, ili darasa lote liwe kulia kwangu. Habari ya kuachishwa shule baba hakuigusa tena.

Leo nafanya kazi maabara kwenye kituo cha afya. Kazi ya macho, masikio yanapumzika.

Mwezi uliopita nikapata namba ya Madam, siku hizi yuko mkoa mwingine. Nikampigia nimshukuru. Akasema:

"Kabula, mwaka ule na mimi nilikuwa nimepanga kuacha kazi. Nilikuwa nalia kila siku, mbali na kwetu, sijui mtu. Siku ile nilipotoka kwenu baba yako alinikimbilia njiani na kuku jike. Akaniambia, mwalimu, usituache. Nikaona aibu kuondoka na kuku wa watu. Nikasema ngoja nikae mpaka atage."

Alikaa Goweko miaka, wakuu. Baba hakuwahi kutuambia habari ya kuku.

Nilichojifunza: mtu ukimwona mkaidi, kabla hujampa jina, chunguza kwanza anakwama wapi. Na kama kuna aliyekuchunguza wewe, mtafute umwambie asante akiwa bado anaisikia.

Walimu na wazazi mliomo humu, na wenzangu mlioitwa jeuri bure, karibuni mtiririke. Nasoma zote.