Sisi Tulioitwa kwa Jina la Mkunga

Darasani kwetu, katika shule moja ya msingi ya milimani upande wa Kangundo, tulikuwa wasichana wanne wenye jina moja. Mwalimu alipoliita tuliitikia wote kwa pamoja, mpaka akachoka, akatugawa: wa mtoni, wa kanisani, wa barabarani, na mimi, mfupi. Jina lenyewe sitaliandika. Halipatikani kwingine, na nikiliandika nitakuwa nimewataja wanawake wengi ambao hawakuniomba niwataje. Itoshe kusema kwamba lina r katikati, na kwa kuwa Kikamba hakina r, susu wangu, yaani nyanya, alilitamka kwa l. Karani aliyeandika cheti changu cha kuzaliwa aliandika alichokisikia kinywani mwa susu. Wenzangu watatu walikuwa na r yao. Mimi hadi leo kitambulisho changu kina l.

Kwetu jina si kitu cha kubahatisha. Mtoto wa kike wa kwanza humrudisha mama wa baba yake, anayefuata mama wa mama. Aliyezaliwa asubuhi ana jina lake, aliyekawia tumboni lake, aliyekuja wakati wa njaa lake. Ukilisikia tu unajua mwenyewe alikuja lini na akakuta nini duniani. Letu halikusema lolote. Nilipokuwa darasa la tano nilimuuliza mama limetoka wapi.

"Ni la sista wa dispensari," alisema. "Ulitanguliza miguu. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, yeye hakukata."

"Na maana yake?"

"Maana yake ni huyo sista." Akaendelea kuchambua maharagwe.

Sista hakuwa mtawa. Tulimwita hivyo kama wauguzi wote wanavyoitwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, ambaye hakuolewa, na aliishi kwenye nyumba ya mabati nyuma ya dispensari pamoja na msichana mmoja aliyetuzidi miaka kama kumi. Msichana huyo naye aliitwa jina lile lile. Sisi tulimchukulia kuwa binti yake. Mama na mtoto kuitwa jina moja ni jambo geni kwetu, lakini watoto hawaulizi mambo ya wakubwa, na wakubwa hawakutueleza.

Siku moja, tukichuma kahawa wakati wa likizo, tulijaribu kuhesabu wote waliopewa jina la Sista. Tulifika kumi na saba, tukabishana juu ya wengine wawili, tukaacha. Mlima mzima ulimheshimu kwa njia hiyo. Ila yeye hakuonekana kufurahi. Siku za chanjo mama akimwinua mtoto na kusema, "Huyu ni wako, sista, ni jina lako," yeye humfunua mtoto kope, huandika kwenye kadi, husema, "Mpe uji wa wimbi," kisha humwita anayefuata. Mimi mwenyewe nilikutana naye njiani mara nyingi. Aliitikia salamu yangu bila kunitazama usoni. Tulisema ana maringo.

Nilipomaliza kidato cha nne, miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilienda Athi River kutafuta kazi, nikaipata katika kiwanda cha nguo. Nilishona mifuko ya suruali, mifuko tu, kwa miaka mitano. Huko ndiko nilikogundua kwamba jina langu ni la mlima mmoja. Siku ya kwanza supavaiza aliisoma fomu yangu mara mbili.

"Hili jina ni la kabila gani?"

"La kwetu. Mimi Mkamba."

"Mkamba gani huitwa hivi?" aliuliza, na hakungoja jibu.

Aliyekaa cherehani ya kando yangu alikuwa mama Mwislamu kutoka Machakos mjini, ambaye babu zake walitoka pwani. Wakati wa chakula alinieleza maana ya majina ya dada zake wote sita, moja baada ya jingine. Kisha akauliza, "Na lako je, mwenzangu?"

Nikasema sijui.

Hakucheka. Alisema, "Jitahidi ujue. Mtu asikae akiitwa tu bila kujua anaitwa nini."

Maneno hayo nilitembea nayo muda mrefu. Miaka miwili hivi baada ya serikali ya zamani kuondoka nilipata mimba yangu ya kwanza, na ilipofika mwezi wa saba nilirudi nyumbani kupumzika. Sista alikuwa amestaafu. Mahali pake waliletewa muuguzi mwanamume, kijana mpole, na hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Majina ya watoto wachanga sasa yalitoka kwenye Biblia na kwenye televisheni. Wa mwisho kupewa jina letu alikuwa tayari anatembea.

Nilimkuta Sista kwenye shamba lake dogo, ameketi kwenye kibaraza akipukuchua mahindi. Nilimpa sukari na majani ya chai niliyomletea. Aliyapokea kwa mikono miwili, akanitazama tumbo kabla ya kunitazama mimi.

"Mtoto amekaa vizuri," alisema. "Wewe hukukaa vizuri."

Nilimwambia kilichonileta. Alimaliza gunzi moja, akachukua la pili. Halafu akaanza kusimulia.

Baba yake alipelekwa Burma wakati wa vita vya pili, pamoja na vijana wengi wa Ukambani. Alijeruhiwa mguu, akalazwa katika hospitali moja ng'ambo ya bahari. Wodi ilijaa watu wa kila lugha. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyepita akiwapa maji na kuwafunga vidonda, na wagonjwa wenyeji wa huko walipomtaka walimwita kwa neno ambalo sasa ni jina letu. Baba yake naye akajifunza kuliita. Aliporudi na kupata binti, akampa.

"Kwa hiyo ni jina la yule mwanamke," nikasema.

"Baba alifikiria hivyo. Alipozeeka akaanza kuwa na shaka. Aliniambia, 'Huenda halikuwa jina. Walikuwa wanaliita wote, hata waliofika siku hiyo hiyo. Huenda kwa lugha yao ni kusema dada, au nisaidie, au maji.' Alikufa bila kujua. Mimi pia sijui, mwanangu."

Nilidhani amemaliza, nikamshukuru. Nilisema lazima ni furaha kubwa kuona mlima mzima ukimkumbuka kwa wema wake. Aliweka gunzi chini.

"Unajua wa kwanza alipewaje?"

Nilisema sijui.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka mmoja tu kazini. Akaja msichana wa umri wangu, mimba ya kwanza. Mtoto alitoka salama. Damu ya mama ikakataa kusimama. Tulituma mtu atafute gari, na gari lilipofika hakukuwa tena na wa kubebwa. Mama yake msichana alikuwa hapo. Hakulia. Alimchukua mtoto, akaniwekea mikononi, akasema, 'Huyu ataitwa jina lako. Kila ukiitwa utamkumbuka binti yangu.'"

Alikuwa akizungumza kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia mama mtu ampe mtoto uji wa wimbi.

"Watu walisikia tu kwamba mtoto amepewa jina la sista. Wakaona ni heshima. Wa pili akaja, wa tatu, mkafuata ninyi. Ningewaambia nini? Kila mama aliyeniinulia mtoto na kusema ni jina langu, mimi nilimwona yule aliyelala pale mezani. Nilikuwa naogopa kuwaangalia, hata wewe."

Nilimuuliza kama alidhani ilikuwa kosa lake.

"Pengine mwingine angejua la kufanya. Pengine hapana. Nimejiuliza miaka zaidi ya thelathini, na sijajijibu."

Yule mama wa marehemu, nyanya wa mtoto, naye alifariki mwaka uliofuata, na mtoto hakuwa na mwingine wa kumlea. Sista alikwenda akamchukua. Ndiye yule msichana wa nyumba ya mabati.

Mwanangu alizaliwa mwezi wa kumi na moja, wa kike, akapewa jina la mama mkwe wangu kama desturi inavyotaka. Sikutia neno. Mama yangu alishangaa kwamba sikumwombea mtoto hata jina la pili, la Sista. Nilimwambia tu kwamba Sista asingependa.

Sista alifariki mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa sukari. Kwenye mazishi mchungaji aliwaomba wote waliobeba jina la marehemu wasimame. Tulisimama kutoka kila upande wa uwanja, wengine na watoto mgongoni, na yule wa kanisani wa darasa letu alikuwa analia waziwazi. Watu walipiga makofi. Mimi nilitazama chini. Yule wa kwanza hakusimama. Alikaa mbele, karibu na jeneza, mahali pa mtoto wa marehemu.

Jioni wageni walipopungua nilimfuata nyuma ya nyumba, alipokuwa akisuuza sahani za kuazima. Nikachukua kitambaa, nikaanza kupangusa. Baada ya muda nikamwambia kwamba Sista alinisimulia.

"Aliniambia na mimi," alisema. "Nikiwa na miaka kumi na miwili. Hakutaka nisikie kwa watu."

"Ulifanyaje?"

"Nilimchukia. Mwaka mzima nilikula chakula chake bila kumtazama. Hakunigombeza hata siku moja. Alinipikia, akanifulia sare, akaniacha." Alisuuza sahani mbili zaidi. "Halafu ikaisha. Siwezi kukwambia iliisha siku gani. Nilijikuta tu namwita mama, naye anaitika."

Nilimuuliza kama aliwahi kujua lolote juu ya mama yake mzazi.

"Jina tu. Mama alikuwa ameliandika nyuma ya daftari lake la kwanza la kazi, peke yake, bila neno lingine. Aliponionyesha nilikuwa na mimba ya binti yangu."

Akageuka akamwita binti yake kwa jina hilo, aje achukue sahani. Lilikuwa jina la kawaida kabisa, la wanaozaliwa mvua ikinyesha, ambalo ukiliita sokoni Machakos watageuka watu watano. Msichana akaja, akaniamkia kwa adabu, akabeba rundo la sahani, akaenda nalo jikoni.