Sahihi ya Mmoja

Mwaka jana yaya, dada yangu mkubwa, alinivuta mpaka kwenye ukumbi mmoja wa hoteli ya Karavia tukamsikilize mbunge wa jumuiya ile ya nchi ambayo Kongo imeingia juzi tu. Alieleza kwa majivuno: kila nchi, kubwa au ndogo, ina viti sawa, wabunge wakipitisha sheria, inapelekwa kwa marais, rais mmoja tu akikataa kabisa kutia sahihi, sheria imekufa.

Watu waliguna. Mimi sikushangaa hata kidogo. Yaya alipoposwa, kwetu Kampemba, ukoo mzima ulikaa, kila mtu akakubali. Lakini kwetu mahari haipokelewi bila neno la mjomba. Mjomba alinyamaza, na sababu akaenda nayo kaburini. Mposaji alioa kwingine. Leo yaya ana mvi, hajaolewa.

Pale ukumbini, yaya akainua mkono. "Na ule rais mwenye kukatala, bantu banaweza kumuuliza juu ya nini anakatala?"

Mbunge akacheka. "Mama, rais haulizwi."

"Basi ule namujua," yaya akasema, akiketi. "Tulimuchinjia kuku, akakula yote, akanyamaza."