Kwapa la Sare ya Misa

Mimi ni fundi wa kushona, na ukitaka tugombane sema nguo yangu inabana. Natanguliza hilo ili uelewe kwa nini nilifanya nilichofanya mwaka ule, mke wangu alipovuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta vitenge, nami nikabaki Kalemie na binti yetu wa miaka kumi na miwili na hasira zangu za karibu.

Binti yetu alikuwa mmoja wa wasichana wanaocheza misa. Kwetu misa haisomwi tu, inachezwa pia: wasichana wanasimama kwa mistari mbele ya altare, ngoma zikilia wanasogea mbele, wanarudi nyuma, na ukifika wimbo wa Utukufu mikono yote inapanda juu. Yeye ndiye aliyekuwa wa mbele. Wa mbele akigeuka kushoto, wote kushoto. Akikosea, wote wanakosea naye, na hakuna anayeuliza. Sare zao za manjano, mkono mfupi, nilizishona mimi, zote, kwa mashine yangu ya kukanyaga. Kwa hiyo kila Jumapili nilikaa benchi la mbele, na Mungu anisamehe, sikuwa nasali tu, nilikuwa naangalia mishono yangu ikicheza.

Jumapili moja Utukufu ukafika na mikono haikupanda. Iliishia kifuani, viwiko vimebana mbavu, utadhani kila mtoto amewekewa kipimo cha homa kwapani. Nikadhani ni usingizi. Jumapili iliyofuata vilevile, na iliyofuata hiyo vilevile. Katekista akanishika mkono mlangoni, akasifu mtindo mpya wa watoto, akasema una unyenyekevu.

Unyenyekevu gani? Mimi niliona makwapa ya nguo niliyoyakata madogo. Watoto wanakua, kitambaa hakikui, hata fundi wa jana anajua hilo. Nikaanza kuwasikia mafundi wenzangu wa sokoni wakicheka, ingawa hakuna aliyekuwa amesema neno. Sikulala vizuri. Kumwuliza binti yangu hakukunijia kichwani, maana nilikuwa nimeshajua jibu.

Nikaamua kuanza na sare yake. Fundi hufumua mshono kwa wembe, na wangu nauweka kwenye kopo la vifungo. Siku ile nilipougusisha kwenye uzi, haukukata. Ulikuwa butu, na una ukoko wa sabuni. Nikapiga kelele nyumba nzima, nani amechezea wembe wa kazi. Binti yangu akasema hajui, akapita mbele yangu na soksi ndefu mpaka magotini, katika joto ambalo mbuzi wote wa mtaa walikuwa wamelala kivulini. Mimi, ninayeona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara, zile soksi sikuziona.

Nikanunua wembe mwingine, nikafumua, nikapanua kila kwapa vidole viwili, nikapiga pasi. Nikamwita avae. Nikamwambia ainue mikono afurahi. Akainua kidogo, akajitazama kwenye kioo, akaishusha upesi kama aliyegusa jiko. Kisha akalia.

“Papa, umepanua ya nini?” akasema. “Sasa njo wataona yote.”

Nikauliza wataona nini. Alivua sare, akaikunja vizuri, maana ni binti wa fundi, akaiweka juu ya mashine na kunituma nimrudishie mama anayewafundisha, ampe msichana mwingine. Hachezi tena. Na Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo sikukuu ya parokia, askofu anakuja, na watoto walikuwa wamejiandaa miezi.

Nawaambia, mtoto huyu alicheza kabla hajatembea vizuri. Akiosha vyombo anacheza, akisubiri ndoo ijae anacheza, akitumwa chumvi anaenda akicheza na anarudi bila chumvi. Jioni ile aliosha vyombo amesimama tuli. Nikaogopa kweli.

Nikampigia mke wangu. Mtandao ulikuwa unakatakata, nikaambulia maneno “mama yako” na “wewe usiseme kitu”, kisha simu ikafa. Nikafuata amri.

Mama yangu akaja kwa pikipiki, amekaa upande, mkoba mapajani, akimgombeza dereva njia nzima. Kwetu baba hazungumzi mambo ya mwili na binti yake. Hiyo ni kazi ya shangazi au ya nkambo, yaani bibi, na bibi na mjukuu wana utani wa halali: mama yangu humwita binti yangu “muke mwenzangu” na kumlalamikia kwamba anamla fungu lake la samaki. Wakaingia chumbani, wakafunga. Mimi nikakanyaga mashine bila kitambaa, sikio likiwa mlangoni. Ghafla kikalia kigelegele.

Siri ikimfikia mama yangu imefika sokoni. Alitoka uani na kutangaza, mbele ya jirani aliyekuwa akianika dagaa, kwamba mjukuu wake ameota nywele kwapani na miguuni, nyingi, na kwamba wazee walisema mwanamke mwenye nywele miguuni halali njaa. Jirani naye akajibu kwa kigelegele chake. Nikasikia komeo la chumba likifungwa kwa ndani. Kisha mama akanigeukia.

“Wewe unashangaa nini? Mutoto wa nyoka ni nyoka. Ulizaliwa na manyoya mpaka mabegani, mukunga akaniuliza kama nimezaa muntu ao mbuzi.”

Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba amemwua mtoto kwa aibu. Akanijibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nikasema haya si maradhi. Akasema basi, kama si maradhi, mbona mnaficha? Akadai chai.

Nikapika chai, na pale jikoni kila kitu kikajipanga chenyewe: soksi, wembe butu, viwiko. Kumbe hakuna nguo iliyobana. Mtoto wangu alikuwa anabana mikono asionekane, na kwa kuwa ni wa mbele, parokia nzima ikabana naye. Na mimi baba yake, kwa ufundi wangu wote, nikampanulia dirisha! Nilitaka kujipiga na pasi.

Amri ya mke wangu nikaivunja. Nikaweka kiti mlangoni pa chumba chake nikaanza kuhubiri. Nilisema mwili ni wa Mungu, kila mtu anaota nywele akifika umri, hata masista, hata askofu mwenyewe, na hakuna cha kuonea aibu. Nilihubiri vizuri sana. Nilipofika kwa Adamu na Hawa komeo likalia, mlango ukafunguka kiasi cha jicho moja.

“Papa, na wewe, mbona unaoga ziwani na shati?”

Mahubiri yakaishia hapo.

Ni kweli. Sijawahi kuingia Ziwa Tanganyika bila shati tangu nilipokuwa wa umri wake. Huwa nasema ni jua. Jua gani, alfajiri? Kifua, mabega, mgongo, kote nimeota; shuleni waliniita beberu, wakinifuata ufukweni wakilia mee, na siku moja nikarudi majini na shati, nikaona wamenyamaza. Basi shati halikutoka tena. Nina mke, nina mtoto, nina mashine, nina mvi, na bado naoga nimevaa kama naenda biro, yaani ofisini. Na huyu mtoto amekuwa akiniangalia tangu anatambaa. Nilijisikia vibaya, nikamwambia hivyo hivyo, kwamba mahali pale ameniweza.

Akafungua mlango wote. Akanionyesha miguu yake, imekwaruzwa huku na huku na ule wembe wangu wa nyuzi, na hasira yangu ikarudi, safari hii kwa ajili ya ngozi yake. Nikaenda dukani nikanunua vinyoleo viwili vipya. Nikamfundisha juu ya mkono wangu mwenyewe: maji ya uvuguvugu, sabuni mpaka itoe povu, usikandamize, fuata nywele zinakolala, wembe wa mtu mmoja hauazimwi, na wembe wa nguo si wa ngozi. Nikabaki na mstari mtupu kutoka kiwikoni mpaka kwenye saa, na wateja wakaniuliza wiki nzima nimeungua na nini. Mama yangu, kutoka uani, alikuwa anapaza sauti kwamba wao walitumia majivu na hawakufa.

Nikamwambia anyoe akitaka, aache akitaka, mwili ni wake. Ninachoomba mimi ni acheze. Akafikiri sana.

“Mimi nikiinua mikono,” akasema, “wewe unavua shati.”

Nikakubali haraka, maana sikuamini atainua.

Jumamosi aliingia bafuni na kinyoleo chake akakaa humo mpaka mama yangu akaanza kuomba rozari. Alipotoka alikuwa amekunja uso. Kwapa moja amenyoa, likamwasha, lile jingine ameliacha. Miguu hakuigusa, kwa sababu mikwaruzo bado ilikuwa inauma. Mama yangu akasema sasa ni mzee upande mmoja na mtoto upande mwingine, na kwa mara ya kwanza wiki ile binti yangu akacheka.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka nje. Askofu amekaa, ngoma zinalia, watoto wanaingia, binti yangu mbele, soksi hana. Utukufu ukaanza. Mikono ikafika kifuani. Ikasimama. Nikashika benchi. Kisha ukapanda mmoja, na baada yake, polepole, ule wa pili, mpaka juu kabisa, na nyuma yake mstari mzima ukapanda kama ilivyo kawaida yake, bila kuuliza. Wapiga ngoma wakaongeza. Mshono hata mmoja haukuachia. Mama yangu akapiga kigelegele, mimi nikalia, na aliyeniuliza nilimwambia ni moshi wa ubani.

Baada ya misa alinisimulia. Alikuwa amewaomba wenzake msamaha kwa kuwapotosha wiki zote zile. Wale wadogo walishangaa. Wao walidhani ni mtindo. Wale wakubwa walimcheka. Walijua tangu Jumapili ya kwanza kwamba si mtindo, na walinyamaza kwa sababu nao walikuwa na nywele zao, nao walikuwa wanaficha, na walikuwa wanamwombea asiinue tena. Mmoja alikuwa anacheza na blauzi mbili ndani. Watoto wale wote nimewapima mabega kwa futi yangu, na sikujua kitu.

Alasiri tukashuka ziwani. Niliomba awe amesahau. Mchanga ulikuwa umejaa watu wa sikukuu, nusu ya parokia, na wateja wangu. Nikavua viatu, nikavua saa, nikaingia majini taratibu na shati langu, nikaangalia upande wa Kigoma kama mtu anayemngojea mkewe. Maji yakanifika magotini. Nikageuka nione kama ananiona.

Alikuwa amesimama ukingoni na sare yake, karibu na nkambo wake. Hakuniita. Aliinua mikono yote miwili, upande ulionyolewa na ule ambao haukunyolewa, juu kabisa kama kwenye Utukufu, akaiacha huko. Watu wakaanza kutazama. Wenzake wawili waliokuwa wakicheza mchangani wakamwona, wakainua yao. Watoto wadogo wakainua, hawajui ni nini. Mama yangu akaweka mkoba chini, akainua na yeye.

Nikaanza na kifungo cha juu.